Kiboksi Chako Nilikiweka Darini

Mwanangu Salima,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaniamkia, maana nakujua, ukiifungua tu barua hii huko Kigoma utasema "shikamoo mama" hata kama mbele yako kuna ukuta mtupu. Na huyo mume wangu mdogo uliyembeba mgongoni mwambie bibi yake anamsalimia, ila roho ya bibi haijatulia.

Haijatulia tangu siku ile uliponipigia simu ukasema mnakuja likizo. Ukaniuliza, "Mama, kile kiboksi changu cheusi kipo? Nataka Rajabu amwone babu aliyemrithi jina." Nikakujibu kipo. Sikukudanganya, kilikuwepo kweli. Baada ya hapo umepiga mara tatu, na mara zote nimekwambia chaji inaisha. Mwanangu, chaji ilikuwa imejaa. Niliogopa ungeijua sauti yangu. Karatasi haina sauti.

Unajua nimeishia darasa la nne na mistari yangu inapanda mlima. Kwa hiyo Pili, yule dada wa steshenari hapa kwetu Magomeni, Kilosa, atanichapia. Nimemruhusu, ukishaisoma wewe kwanza, aiweke na kwenye ukurasa wake wa mtandaoni akina mama wenzangu waione, maana sidhani kama ni mimi peke yangu niliyeachiwa kitu cha mtoto nikakitunza kwa akili ya jikoni.

Sasa nakwambia nilipokiweka. Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka asubuhi ile unaondoka? Begi lako lilikuwa mlangoni, ukarudi ndani na kiboksi umekizungushia taulo. Ukanishika mkono, ukasema, "Mama, hii ndiyo hadidiski. Video ya baba imo humu na haipo kwingine, ile simu niliyomrekodia ndiyo hivyo imeshaibiwa. Nikisafiri nayo naogopa. Wewe iweke pahali salama, mbali na maji." Ulisema maji mara mbili. Na mimi na wewe tukitaja maji hatuhitaji kuelezana. Mwaka ule mto Mkondoa ulipotuingilia ndani, si wewe uliyekaa juu ya meza unabandua picha za albamu? Zilikuwa zimegandana. Ukavuta ile ya harusi yetu, uso wa baba yako ukabanduka ukabaki nyuma ya picha ya shangazi. Ulilia mpaka baba yako akasema, "Acha, mama, mimi mwenyewe si nipo hapa? Nitazame mimi."

Basi ulipotaja maji, akili yangu ilikwenda juu. Na juu kabisa katika nyumba yetu ni wapi? Ni darini, juu ya jiko. Ndipo mbegu zinapokaa. Bibi yako, mama yake baba yako, alinipandisha pale siku ya pili baada ya kuolewa, akanionyesha mahindi ya mbegu yamening'inia na kunde zimefukiwa kwenye majivu. Akaniambia moshi unafukuza wadudu, majivu yanamaliza waliobaki, maji hayafiki. Mafuriko yamechukua magodoro yetu, yamechukua kuku, mbegu hayajazichukua hata mara moja. Kila mwaka nilipozishusha kwenda kulima shambani kwetu Tindiga nilikuta punje zangu zimelala vilevile.

Kwa hiyo nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikachekecha majivu yakawa laini kama poda, nikamimina nusu, nikakilaza kiboksi chako, nikakifukia, nikafunika. Nikapanda ngazi nikakiweka katikati ya mbegu. Nilishuka nimefurahi, Salima. Nilisema leo nimefanya kazi ya maana. Na kila siku kwa miaka miwili nimepika chini yake, maharage, ugali, chai, namtazama nasema, mtu wangu yupo juu hapo, salama.

Uliponipigia ndipo nikakishusha. Kopo lilikuwa la moto. Kiboksi kimepinda ubavu mmoja kama sabuni iliyoachwa juani, na ule mdomo wake wa kuingizia waya umejaa majivu. Nikapuliza. Nikafuta kwa khanga. Nikachokonoa kwa kijiti cha kiberiti, taratibu, kama nilivyokuwa nakusafisha masikio ulipokuwa mdogo.

Nikampelekea Pili. Akachomeka waya, kikalia tik, tik, tik, kisha kimya. Akakichomoa haraka.

"Mama Salima, kilidondoka?"

"Hakikudondoka."

"Kiliingia maji?"

"Hata tone!" Hapo nilijibu kwa sauti, nikijua angalau hilo nimeshinda.

"Sasa kimefanywaje?"

"Sijui," nikasema. Nilijua.

Pili akanitazama, akasema nisimpe mtu mwingine akichomeke tena. Niende Mikumi kwa fundi Chande, zamani alikuwa wa redio, siku hizi anatengeneza kompyuta. "Anaweza asitoe kitu," akaniambia, "ila hatakiharibu zaidi."

Gari la Mikumi lilikuwa la kesho yake. Siku nzima nilikaa na kile kiboksi mapajani nafikiria kilichomo. Wewe unadhani nafikiria picha. Picha ya baba yako ninayo, ile ya kitambulisho, amekaza uso kama mtu aliyeitwa kituoni. Nilichokuwa nakiogopa ni kingine, na sijamwambia mtu yeyote. Maneno ya baba yako nayakumbuka yote, mpaka ya ugomvi. Sauti yake siikumbuki tena. Naitafuta nikiwa nachambua mchele, nasema ilikuwa nzito, ilikuwa na mkwaruzo hivi, lakini nikinyamaza nisikie, sisikii kitu. Niliona aibu. Mke gani huyo? Nikajipa moyo kwamba ipo darini, siku moja Salima atakuja aifungulie.

Ile siku uliyomrekodi unaikumbuka vizuri kuliko mimi, maana mimi sikujua. Mpunga wa Tindiga ulikuwa umetoa masuke na ndege wameshuka kama mvua. Tulikuwa tunaamia ndege, mimi nimepanda juu ya dungu langu la miti upande wa mtaroni, baba yako juu ya lake kule upande wa mkuyu, shamba zima katikati yetu. Yeye alikuwa hafukuzi ndege kama watu wengine. Aligombana nao. "We mwenye mdomo mwekundu! Kwenu mlilima nini? Rudi hapa nimjue baba yako!" Watu wa mashamba ya jirani walikuwa wanaacha kazi kumsikiliza. Na kila baada ya muda kidogo aliniita, maana mwaka mmoja nilisinzia juu ya dungu ndege wakamaliza majaruba mawili, na hakunisamehe hilo mpaka anaingia kaburini.

"Mama Salimaaa! Upooo?"

"Nipooo!"

Hivyo kutwa nzima. Jua linapanda, linashuka, upo, nipo. Hata tukiwa tumenuniana tangu asubuhi alikuwa ananiita na nilikuwa namjibu, maana ndege hawajui kama tumenuniana. Wewe ulijificha chini ya dungu lake na simu. Jioni ulinionyesha, nikakwambia tumwonyeshe na mwenyewe, ukacheka ukasema, "Akijua namrekodi, kesho atakuja shambani na kanzu." Msimu uliofuata hakuwepo. Mungu amrehemu.

Basi nikafika Mikumi. Duka la fundi Chande liko kando ya barabara kuu, malori yakipita mpaka vikombe vinagongana. Ni mtu mzima, mvi kidogo, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniamkia, akakipokea kiboksi, badala ya kukitazama akakinusa.

"Mama, hiki mmekibanika?"

"Kilidondoka, baba."

"Kikadondokea kwenye chungu cha samaki?"

Waliokuwa wanasubiri simu zao wakacheka. Mimi machozi yakaanza kunitoka pale pale kwenye benchi. Fundi akawanyamazisha, akavuta kigoda akakaa karibu yangu, akasema taratibu, "Mama, sikugombezi. Nikijua kilichokipata, najua pa kuanzia."

Nikamwambia yote, kopo, majivu, dari. Nilisubiri acheke. Akaniuliza, "Na mbegu zenyewe zilipona?"

"Zote."

"Hata mama yangu anaweka hivyo hivyo," akasema, akachukua bisibisi.

Alivua ganda la nje. Ndani mna kitu cha chuma kama kitabu kidogo, na chini yake kibao cha kijani chenye vidoti vya shaba. Vidoti vilikuwa vimeota weusi kwa moshi. Nikamwomba afungue na hicho chuma akapanguse ndani. Akashtuka kama nimetukana. "Humo sifungui, mama. Chembe moja tu ya vumbi ikiingia, tumemaliza." Nikafikiria kopo zima la majivu. Unajua alichotumia kusafisha vile vidoti? Kifutio cha penseli. Kifutio kile kile cha shule, cha kufutia hesabu. Alisugua, akapuliza kwa kipulizio cha mpira, akasugua tena. Nikasema moyoni, kumbe kuna kitu kwenye kazi hii hata mimi wa darasa la nne nakijua.

Alipokiunganisha hakikulia tik. Kilivuma, kama nyuki wa mbali. Akaniambia nisishangilie, kinasoma kwa shida, anakinakili kidogo kidogo, kikipata moto anakizima kipumzike, akikilazimisha kitakufa moja kwa moja. Akaniambia nirudi Alhamisi. Nilirudi Kilosa mikono mitupu. Salima, siku hizo nne nilimwaga chumvi kwenye chai. Nilikwenda kwa jirani kuazima ungo nikasahau nilichofuata, nikakaa, nikaaga. Na wewe ukapiga, nikakwambia chaji.

Alhamisi nilifika kabla hajafungua. Akawasha kompyuta, akasema vingi vimetoka, vingine vimetoka nusu, akaniuliza faili lenyewe lina jina gani. Jina! Sikujua kama vina majina. Akaanza kunisomea moja moja, masomo ya chuo, masomo ya chuo, mahafali, masomo ya chuo. Kisha akasoma, "Baba na ndege."

"Hilo," nikasema. Nikashika kona ya meza.

Picha haikutoka, mwanangu. Sikufichi tena kitu. Ni vipande vya kijani na vyeusi vinarukaruka, mara moja niliona kama mkono, au labda ni tawi. Lakini akaongeza sauti. Kwanza upepo. Kisha wewe, karibu kabisa, unazuia kicheko. Kisha yeye. "We mwenye mdomo mwekundu!" Ilikuwa nyembamba, Salima! Mimi nilikuwa naitafuta sauti nzito, ndiyo maana sikuwa naipata. Ilikuwa nyembamba na ya juu, ya mtu anayependa ugomvi wa bure. Watu waliokuwa dukani wakaanza kucheka matusi yake, na safari hii nilitaka wacheke.

Kisha akaita.

"Mama Salimaaa! Upooo?"

Na hapo ikakata. Fundi alirudisha nyuma, ikakata palepale. Alisema kipande kinachofuata hakisomeki, pengine ndipo joto lilipopiga zaidi. Kipande kinachofuata ni mimi. Pale ndipo nilipojibu kutoka upande wa mtaroni. Akarudisha mara ya tatu, baba yako akaita, kikaja kile kimya, na sijui niliinukaje kwenye benchi. Nikajibu. Nilijibu kama niko juu ya dungu, kwa mapafu yote, mpaka mtu wa duka la pili akatoka nje kutazama.

"Nipooo!"

Hakuna aliyecheka. Fundi Chande alivua miwani akaanza kuifunga uzi upya, na uzi ulikuwa haujafunguka.

Sasa roho yangu inaruka kwa mambo mengine. Picha za harusi yako hazijaonekana, fundi anaendelea kuzitafuta, nitarudi Jumanne. Hiyo "Baba na ndege" ameiweka kwenye flashi tatu, moja anayo yeye, moja anayo Pili, moja ninayo mimi. Alitaka akutumie kwenye simu siku ile ile, nikamkatalia. Nilitaka ujue kwanza nilichokifanya, ndipo usikie. Yangu nimeiweka ndani ya sanduku la nguo, katikati ya khanga, mbali na maji na mbali na moto. Kila siku naenda kuigusa. Niambie kama sandukuni panafaa, na kama kuigusa kunaiharibu niambie pia, nitajizuia. Na kama umekasirika kasirika, lakini njoo. Usimnyime Rajabu likizo kwa ajili ya kopo la majivu la bibi yake.

Mkifika tutakaa wote watatu, wewe utaifungulia. Mtoto atamsikia babu yake akigombana na ndege, atamsikia akiniita. Ikikata usihangaike na vifungo, wala usimwombe fundi anitafute humo ndani. Pale pasiposomeka niachie mimi.

Nipo.

Mama yako