Ngoma Mbili za Sokoni

Mjukuu wangu Zena,

Marahaba! Shikamoo yako imefika Shinyanga salama. Magoti yanamsumbua babu yako, lakini ubishi wake ni mzima kabisa.

Unauliza kama wafanyabiashara wenzako wa Runzewe wapoteze fedha kuwanunulia ngoma vijana wanaopigana huko machimboni. Nimecheka peke yangu. Zamani za Mwingereza, machimbo ya Geita yalipoanza, vijana waliorudi kutoka huko walijigawa makundi mawili, wakapigana fimbo hapa kwetu kila siku ya gulio. Baba yangu, muuza kanga, akawachangisha wenzake, wakanunua ngoma mbili, moja kwa kila kundi. Watu wakasema amenunua kelele.

Lakini unawajua Wasukuma: makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watazamaji wengi. Siku ya mashindano, kijana mmoja mkali wa Kolandoto, hapa jirani, akainua fimbo. Watazamaji wake wote wakakimbilia upande wa pili! Wenzake wakamrukia: "Weka chini, unatukimbizia watu!"

Akaiweka, akacheza. Nami nikabaki nikimtazama.

Changeni, mama. Fimbo yenyewe unaijua: ndiyo anayotembelea babu yako.

Bibi yako