Fatiha ya Ligi

Jumatatu, 15 Juni 1992

Nimefua jezi za kijani. Mbili zimechanika kwapani. Nimezishona kwa uzi mweusi kwa kuwa wa kijani umekwisha, hakuna atakayeona. Nyavu nimezianika juu ya ukuta wa karakana. Upepo ulikuwa unatoka upande wa matangi ya mafuta. Jezi zimenuka tena kabla hazijakauka.

Idd imepita. Ya kwanza bila mke wangu Mwanaisha. Nilinunua mahamri, nikala mawili, mengine nikampa jirani. Watu waliuliza hali. Nikasema njema.

Mkuu wa chuo, Bwana Mutiso, amepita stoo mchana. Amesema vyuo vyote vya ligi yetu vitakutana hapa wiki ijayo, na mimi niwepo, kwa kuwa ndimi mwakilishi wa wafanyakazi katika kamati ya michezo. Nilichaguliwa kwa sababu siku ya kuchagua sikuwepo. Amesema kuna mambo makubwa. Hakusema mambo gani.

Jumatano, 17 Juni

Mwalimu Ochieng wa michezo amenieleza. Sijaelewa vizuri. Naandika nilivyosikia.

Kuna ligi mpya. Inaitwa Ligi ya Barabara Kuu. Vyuo vyake vimepangana kutoka hapa Changamwe mpaka Nairobi. Kampuni moja ya mafuta ya kupikia itatoa jezi, mipira na viatu. Mheshimiwa mmoja atatoa basi. Uchaguzi unakuja, vyama sasa ni vingi, naye anataka sura yake ionekane kila basi litakaposimama. Lakini chuo kikiingia huko ni lazima kitoke katika Ligi ya Pwani. Maana yake hatutacheza tena na chuo cha Likoni.

Ukisimama Port Reitz, pale karibu na nyumbani kwangu, unaiona ng'ambo ya kusini, upande wa Likoni, kwa macho. Nairobi siioni.

Nikauliza kwa nini tusicheze ligi zote mbili. Ochieng akacheka.

"Mzee Bakari, hayo ya wake wawili ni yenu Waislamu. Kampuni inataka mke mmoja."

Nami nikacheka. Nilipofika nyumbani sikuona tena kilichonichekesha.

Anasema sisi tukitoka, Ligi ya Pwani itakufa. Vyuo vitakavyobaki havitatosha, na serikali haitatoa pesa kwa ligi ya vyuo viwili vitatu. Kocha wa Likoni ni Athumani. Athumani ni kaka yake Mwanaisha.

Ijumaa, 19 Juni

Baada ya swala nimekaa na kufikiri juu ya mechi yetu na Likoni. Kila mwaka, mwezi wa saba; mwaka huu ni zamu ya kucheza kwao. Wenyeji huwapikia wageni, na wachezaji hula wamechanganyika, wetu na wao, hata kama walipigana mateke uwanjani. Mwaka mmoja nilikuwa bado kijana, nabeba mipira tu. Tulikuwa tumefungwa vibaya. Kwa kina Athumani ndiko kulikopikwa. Msichana mmoja akaja kuongeza wali, akatazama sinia, akasema, "Nyinyi watu wa Changamwe mnakula kama mlioshinda!"

Ndiye Mwanaisha huyo.

Hata baada ya kuolewa, mechi ikichezwa alishangilia Likoni. Alikaa upande wao, mbele ya watu wote. Nikimwangalia anageuza uso.

Hatukupata watoto. Tangu azikwe nimevuka kwa feri kwenda kwao mara chache. Nikifika sijui nikae vipi. Mama mkwe hulia, nami huona nimemletea kilio. Mechi ndiyo sababu yangu. Siku ya mechi nitaingia kama zamani, na begi la mipira begani, hakuna atakayeuliza nimefuata nini. Mechi ikiondoka sitakuwa na cha kunivusha. Hilo ndilo linaloniogopesha. Basi si basi, viatu si viatu, hayo hayanihusu.

Jumanne, 23 Juni

Mkutano umefanyika katika ukumbi wa chakula. Nimepanga viti tangu asubuhi.

Watu wa vyuo vyote walikuja. Athumani alikaa karibu na mkuu wake wa Likoni, mzee mwenye kofia nzuri ya vito, iliyodariziwa kwa mkono. Walizungumza sana. Mmoja alisema ligi ni undugu. Mwingine alisema undugu haununui viatu. Mkuu wa Likoni alisema Pwani ikigawanyika itakuwa inachezewa na watu wa mbali. Watu wakapiga makofi. Bwana Mutiso alisimama mwisho. Alisema amesikia yote, na kwamba sote ni kitu kimoja. Sikuelewa kama anakubali au anakataa. Nilitazama nyuso za wengine nijue. Nazo zilikuwa zinatazama.

Kisha akasema, "Kwa kuwa wageni wetu wengi ni Waislamu, namwomba Mzee Bakari atufungie kwa sala."

Sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Al-Fatiha." Tukanyanyua mikono, tukasoma, tukapangusa nyuso. Bwana Mutiso naye alipangusa wake, kwa heshima.

Papo hapo Athumani akasimama. Akampa mkono kila mtu. Akanishika bega, akasema, "Alhamdulillahi, shemeji. Yamekwisha." Macho yake yalikuwa na maji. Nikaitikia. Nilikuwa njiani narudi nyumbani ndipo nikajiuliza ni kipi kilichokwisha.

Kwetu watu wakizungumza jambo kisha wakalisomea Fatiha, jambo limefungwa. Ndivyo tunavyoposa. Basi nadhani tumekubaliana kubaki. Nadhani.

Jumatano, 24 Juni

Nimelala vizuri. Nimejaza upepo mipira ya mechi ingawa bado mapema.

Jumatatu, 29 Juni

Lori limeleta maboksi mpaka mlango wa stoo. Jezi mpya, za manjano, na kifuani picha ya debe la mafuta. Viatu vya kila mchezaji. Vijana walikimbia kama watoto wadogo. Mmoja aliyekuwa akicheza kwa viatu vya kuazima alivivaa vipya akatembea navyo mpaka bwenini, juu ya saruji, kwa kishindo. Sikuweza kumkasirikia. Nilifurahi kwa ajili yake.

Nimekwenda kwa Bwana Mutiso. Nikamwambia, "Mkuu, tulisoma Fatiha."

"Uliomba vizuri sana, Mzee."

Nikamweleza. Nikamwambia kwetu ile si sala ya kufungia mkutano tu, ni muhuri. Akavua miwani. Akasema hakuna aliyemwambia, yeye alitaka tu kuwaheshimu wageni. Kisha akasema alipigiwa simu kutoka juu, na Jumamosi akatia sahihi. Akaniuliza kama kuna sala ya kuifungua ile.

Simchukii. Nimejaribu kumchukia njia nzima nikashindwa. Yeye hakujua alichokiomba. Lakini mimi je? Mimi nilijua, na nilisoma.

Alhamisi, 2 Julai

Athumani amekuja. Hakuingia stoo. Hakutoa salamu. Alisimama mlangoni akayaona maboksi.

"Mmetuuza kwa haya?"

Nikasema, "Shemeji, keti kwanza."

"Mutiso simsemi. Mutiso hajui. Wewe ndiye uliyesoma, Bakari, kwa ulimi wako."

Nikasema sikutia sahihi mahali popote, mimi hata kalamu sikupewa.

"Kalamu! Dada yetu tulikupa kwa Fatiha hiyo hiyo. Kuna siku tulikuuliza karatasi?"

Alisema nisivuke. Alisema akinitazama sasa haoni mtu wa kwao. Akaondoka. Ochieng alikuwa amesikia, akaja akaniuliza kama yule bwana ananidai pesa. Nikasema hapana.

Sijala.

Jumapili, 5 Julai

Nimekwenda kwa imamu wa msikiti wetu. Nikamweleza yote, la ligi, la basi, la Fatiha. Alisikiliza huku akichambua mbaazi kwenye ungo. Akauliza jambo moja tu.

"Uliposoma, ulinuia nini?"

Nikasema nilinuia tubaki. Halafu nikasema hapana, nilinuia kufunga mkutano kama nilivyoagizwa. Halafu nikaona vyote viwili si kweli. Tangu Mwanaisha afariki, kila nikisema Al-Fatiha, naisoma kwa ajili yake. Mdomo umezoea hivyo. Siku ile vilevile. Ukumbi mzima umenyanyua mikono juu ya ligi, mimi niko kaburini Likoni, nimesimama upande wa kichwani kwake.

Mutiso alikuwa anamaliza mkutano. Athumani alikuwa anafunga ahadi. Mimi nilikuwa namsomea mke wangu.

Imamu akasema basi hiyo thawabu imemfikia aliyenuiwa. Nikamuuliza, na ligi je? Akasema ligi haijui. Akarudi kwenye mbaazi zake.

Nimetoka nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Lakini nimepumua kidogo.

Alhamisi, 9 Julai

Ochieng ameingia stoo akicheka mpaka amekalia mipira. Habari ni hii. Chuo cha Likoni nacho kimo katika ligi nyingine, ya vyuo vya kusini, mpaka mpakani. Mheshimiwa wa chama kingine ndiye anayetoa pesa. Mkuu wao, yule wa kofia ya vito, alikwisha kukubali kabla ya mkutano wetu. Athumani hakuambiwa. Ameambiwa juzi, alipoletewa jezi.

Nimelirudia mara nyingi kichwani. Mkuu yule ndiye aliyesema Pwani isigawanyike. Watu walimpigia makofi. Aliposoma Fatiha alipangusa uso kama sisi, naye anajua maana yake. Sasa nani alivunja? Kama ahadi ilikwisha kuvunjwa kabla ya kufungwa, tulifunga nini? Na hao waheshimiwa wawili, mmoja huku mmoja kule, wamepata nini kwa mechi yetu ya mwezi wa saba? Hawajawahi kuja kuitazama.

Ligi ya Pwani imekufa. Hakuna aliyeitangaza.

Nilitarajia kufurahi kwamba Athumani naye amekosewa. Sikufurahi. Nimemwonea huruma. Najua alivyo mkali akiaibika, hujifungia.

Jumamosi, 11 Julai

Leo ingekuwa mechi. Vijana wameondoka alfajiri na basi jipya kwenda Voi. Nimefungua stoo, nimefagia, nimefunga. Kisha nikavuka.

Sikuchukua begi la mipira. Mikono mitupu ilinipa taabu kivukoni, sikujua niiweke wapi.

Athumani alikuwa barazani kwao, anatengeneza redio. Aliniona tangu mbali. Hakusimama, hakunifukuza. Nikatoa salamu, akaitikia. Nikakaa ncha ya baraza.

Nikamwambia kweli yote. Kwamba ukumbini sikunuia ligi wala mkutano. Nilikuwa namsomea Mwanaisha, kama kila siku, na kama nilikosea basi nilikosea hapo. Alishika bisibisi bila kuizungusha. Akasema, "Yule mkuu wangu alinipa mkono baada ya Fatiha. Mkono wenyewe ulikuwa wa baridi." Kisha akanisogezea kikombe chake cha kahawa. Kilikuwa nusu.

Mama mkwe akaita kutoka ndani. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, lakini sauti yangu anaijua. Hakuna aliyemweleza mambo ya ligi. Yeye anajua leo ni siku ya mechi tu.

"Bakari, mwanangu, umefika? Haya, nani kamfunga nani?"

Athumani akanitazama. Nami nikamtazama.

"Sare, mama," akasema.

"Sare ya ngapi?"

"Moja moja," nikasema mimi.

"La kwenu kafunga nani?"

Nikamtaja yule kijana wa viatu, anayesomea umeme. Nikasema alipiga kwa mguu wa kushoto, kona ya chini.

"La kuotea lile, mama," Athumani akasema. "Refa alikuwa wa kwao."

"Halikuwa la kuotea."

"Alikuwa nyuma ya beki wangu, hatua nzima!"

"Beki wako alikuwa amekaa chini anafunga kamba ya kiatu."

Tukabishana mpaka mama akacheka. Sijamsikia akicheka tangu msiba. Akasema Mwanaisha angekuwepo angesema ni la kuotea, na angeapa. Kweli angeapa. Hakulia. Akaniuliza kama nimekula.

Nimerudi kabla ya magharibi. Sijui sasa chuo chetu kiko ligi gani kwa jina lake kamili, wala chao. Nitamuuliza Ochieng, atanieleza, nami nitasahau tena.

Lakini hili naliandika hapa, kwa kuwa Athumani hatalisoma. Bao lile halikuwa la kuotea.