Fomu Niliyomjazia Mama

Nyumba Na. 214, Makazi Mapya,
Vila Santa Quitéria,
Pará, Brazili.
9 Machi 2019

Mpendwa Mama Mdogo Jucilene,

Shikamoo. Hamjambo huko kusini, na baridi yenu, na yale magoti yako? Baba mdogo Altino ameacha kubeba mifuko ya saruji kama daktari alivyomwambia, au bado anajifanya kijana? Sisi tunapumua. Mama ana presha, lakini anakula, anafoka, na anagombana na redio kila asubuhi, kwa hiyo usihofu. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utashangaa kwa nini barua na simu ipo. Nyumba hizi kampuni ya bwawa iliyotuhamisha ilizotujengea kuta zake ni nyembamba kama biskuti. Jirani akipiga chafya mimi namtakia afya. Nikikupigia simu Mama atasikia kila neno, na haya sitaki ayasikie kabla sijajua namna ya kumwambia.

Kwanza lalamiko lako. Eti tumekuwa wachoyo, Kwaresima imeingia na kifurushi cha samaki wakavu hakijafika! Laiti ungeuona mto. Tangu walipofunga bwawa, huku chini kilikokuwa kisiwa chetu yamebaki maji ya kulowesha vifundo vya miguu. Kule juu ziwa limemeza msitu, miti imekufa imesimama inaoza, na jua likiwaka harufu yake inakufuata mpaka kwenye sahani. Mbu ndio usiseme. Samaki tunaokula sasa ni wa kopo, Mama Mdogo, wanaletwa na lori.

Zamani mto ulipanda kidogokidogo kuanzia Novemba, samaki wakaingia kwenye miti iliyofurika, wakala matunda, wakataga. Sasa unapanda mtu akibonyeza kitufe ofisini. Januari hii walifungulia maji siku tano. Samaki, masikini, wakaamini. Wakaingia msituni wakataga. Siku ya sita wakafunga. Nilimkuta Mama, na miaka yake sitini na minane, amepiga magoti kwenye matope na ndoo ya plastiki, anakomba mayai ya samaki kwa viganja ili ayarudishe majini. Alikuwa ametembea kilomita tisa kufika pale. Mayai yalishaanza kunuka.

Nikamwambia, “Mama, acha, haya yamekufa.”

“Nyamaza wewe! Umeyauliza?”

Basi nikainama nami. Tulikomba mpaka saa nane mchana. Sidhani kama kuna hata moja lililopona.

Sasa nisikilize. Mwaka jana, baada ya watu kupiga kelele sana, kampuni ilikubali kuwapa wavuvi viwanja kando ya ziwa, wajenge, wafunge mitumbwi, wapande mihogo. Ziwa linanuka, sawa, lakini ni maji, na Mama hapa kwenye vumbi anaisha. Ila viwanja ni vya wavuvi tu, na mvuvi ni yule ambaye fomu ya mwaka 2012, walipotuandikisha kabla ya kutuhamisha, inasema ni mvuvi. Fomu ya Mama inasema “mama wa nyumbani”. Aliyeiandika ni mimi.

Nilikutumia picha wakati ule, nimevaa fulana ya kampuni na kitambulisho shingoni, ukaniambia nimependeza. Nilipendeza kweli, na kichwa kikanivimba. Niliandikisha familia sitini na moja kwa mkono wangu. Na wewe unajua watu wetu wanavyoogopa panema: ukijisifu kwamba wewe ni mvuvi mbele ya mgeni, mkosi unakuganda na nyavu zinarudi tupu. Kwa hiyo nilikopita kote nikiuliza “Kazi yako?” watu walijikanyaga. Mmoja eti anafuga kuku. Mwingine eti anapumzika. Lindaura, jirani yetu hapa, alisema yeye anaokota kuni tu. Mimi ni mtoto wa hapa, nikawa nacheka nao, halafu naandika: mvuvi, mvuvi, mvuvi.

Kwetu nilifika na msimamizi wangu, mtu wa mjini, amesimama nyuma yangu. Nikamuuliza Mama kazi yake. Akacheka, akasema, “Mimi? Mimi nipo nyumbani tu, mwanangu. Nampikia baba yako.” Alisema hivyo magamba ya samaki yamemganda mpaka kwenye viwiko! Marehemu Baba akakohoa, akatazama pembeni. Alijua fika kwamba kwenye mtumbwi ule kazi yake yeye ilikuwa kasia. Nyavu zilikuwa za Mama. Na mimi nilijua. Lakini msimamizi alikuwa ananitazama, nikataka aone kwamba simpendelei mama yangu. Kwa watu wote nilivunja kanuni ya kuandika maneno ya mtu mwenyewe, kwa Mama peke yake nikaifuata. Nikaandika alivyosema.

Tarehe 19 Februari aliitwa mbele ya jopo la kampuni kupeleka malalamiko yake. Wiki nzima nilimsihi aseme waziwazi kwamba ni mvuvi. Mwishowe akakubali. “Samaki wenyewe wamekwisha,” akasema, “mkosi gani tena utanipata?”

Na kweli alisema, kichwa juu, amevaa gauni lake la kanisani: “Mimi ni mvuvi tangu nina miaka saba.” Mwanasheria wao, Daktari Evaristo, maana huku kwetu mwanasheria naye huitwa daktari, bwana mmoja mpole kwa sauti, akamuuliza samaki aliovua miaka hii miwili wako wapi. Mama akamjibu, “Waulize wenye bwawa.” Watu wakacheka. Daktari hakucheka. Akainua fomu.

“Bibi Dorvalina, hapa pameandikwa mama wa nyumbani. Nani mwongo, wewe au aliyeandika?”

Mimi nilikuwa benchi la nyuma na fulana yao mwilini, maana mpaka leo nafanya kazi mapokezi kwao. Mama akageuka, akanitazama.

“Aliyeandika ni binti yangu,” akasema. “Huyu hasemi uongo.”

“Kwa hiyo ulikuwa mama wa nyumbani?”

“Ndivyo nilivyosema.”

Wakagonga mhuri wa kukataa. Mama Mdogo, ilikuwa ni kusimama tu! Kusimama na kusema, jamani, nililijua jambo hili. Sikusimama. Niliogopa kufukuzwa kazi, sina maneno mazuri zaidi ya kukuambia. Njiani kurudi Mama hakunilaumu. Aliniuliza kama nimekula.

Wiki mbili usingizi haukuja. Jumatano ya Majivu nikapiga moyo konde, nikaenda na maelezo niliyoyaandika na kuyatia sahihi. Nilisema ukweli wote, maana nilidhani ukweli ukikamilika ndio unaosaidia. Nilieleza kwamba nilimjua Mama ni mvuvi nikaandika vingine. Nikaeleza habari ya panema, na kwamba wengine nao waliogopa kujitaja, ila wao niliwaandika wavuvi kwa sababu nawajua. Daktari Evaristo aliisoma karatasi mara mbili, akatabasamu, akanishukuru kwa uaminifu wangu. Mpumbavu mimi, nikadhani ni huruma.

Jana jibu limetoka. Familia sitini nilizoziandika viwanja vyao vimesimamishwa, kwa kuwa mwandikishaji mwenyewe amekiri kwamba fomu hazikujazwa kwa maneno yao. Walioanza kujenga waache. Na Mama? Ya Mama haikuguswa. Wameandika kwamba kati ya fomu zote sitini na moja, yake ndiyo pekee iliyojazwa kwa kufuata kanuni, na kwamba mwenyewe ameithibitisha kwa kinywa chake.

Majina yatabandikwa Jumatatu. Mpaka sasa hakuna anayejua ila mimi na wewe. Familia sitini zimetwanga udongo wa sakafu kule ziwani, na Lindaura ameshaezeka paa.

Nimewaza kukimbilia kwenu. Nimefungua mpaka sanduku. Kisha nikamsikia Mama anakohoa, nikalifunga. Nitabaki, wanitukane nikiwa hapahapa. Mama nitamwambia kesho baada ya misa. Akikupigia simu, nakuomba usinitetee.

Nisalimie baba mdogo Altino, na Ivonete na wanawe, na yule mkwe wako mwenye maneno mengi. Mungu awalinde nyote, na kama huko mliko kuna mto, Mungu awaachie ulivyo.

Leo asubuhi Lindaura amekuja na sahani ya keki ya mihogo, bado ya moto. Amesema ni shukrani kwa mtoto aliyejua kuijaza fomu yake, na kwamba nyumba ikiisha mimi ndiye mgeni wa kwanza. Alisimama mlangoni kunisubiri nionje. Nimeila yote mbele yake.

Mimi mwanao nikupendaye,
Rosinete