Lucien Amekuwa Waziri

Mbuba, Jumanne

Na sauti ilikuwa ileile ya upole. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Leo mchana redio ya Kifaransa ilimhoji Lucien, waziri mpya kule kwao Ufaransa. Anatetea sheria ya kuwafukuza wakimbizi wasio na karatasi za ukaazi. Lucien huyuhuyu! Alikuja hapa Ngara kijana mwembamba, akachimba vyoo kwenye kambi ya wakimbizi pamoja na Warundi, mimi nikiwa mkalimani wake. Malaria ilipomwangusha, mama alimpa kitanda chake, yeye akalala chini wiki mbili.

Aliporudi Ufaransa aliingia chama cha mrengo wa kushoto. Alipopata udiwani aliniandikia barua. Alipopata ubunge akaandika tena: "Dada, nitawasemea wale wa kambini." Nikaamini. Barua hizo niliwasomea wanafunzi wangu, wajifunze Kifaransa na utu kwa pamoja.

Mama hajui Kifaransa, lakini jina alilisikia.

"Mwanangu anasemaje?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nikamweleza yote.

Akaacha kuchambua maharage. "Alipokuja hapa mgonjwa, nani alimuuliza karatasi?"

Baadaye nilianza kumwandikia Lucien, nikakwama kwenye "Mpendwa kaka". Labda madaraka ndivyo yanavyo... sijui.

Kwenye sala ya jioni mama alimwombea hata hivyo, akamtaja kwa jina, mara tu baada ya jina langu.

Mimi sikuitikia amina.