Kombe la Mama

Kisarawe

Kaka Yahya,

Shikamoo. Huku mvua imenyesha, muhogo umeshika vizuri.

Unajua Mama alisoma herufi za Kiarabu tu, chuoni kwenye Kurani. Mwaka huu alianza kujifunza hizi za shule. Kidole kilianzia kulia, nami nikikirudisha kushoto. Alitaka ujumbe wako wa simu ausome mwenyewe. Haukuja, akawa anasoma mifuko ya sukari.

Alipougua, shehe alimwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani. Mama akaomba kalamu, akaongeza neno kwa herufi zake za chuoni. Shehe alilisoma, hakukataza. Lilikuwa jina lako. Mama akalisuuza kombe kwa maji, akanywa lote.

Tumemzika Ijumaa. Simu yako haikupatikana.

Kibaha uliko si mbali, kaka.

Mdogo wako,
Maulida