Mama Ametia Dole Gumba, na Mimi Ndiye Niliyemsomea

Dada Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisaidie, na tafadhali usilitaje jina la kijiji chetu, hata majina ya watu humu nimeyabadili, maana kinyozi wetu huwasomea wateja gazeti lenu lote mpaka matangazo.

Nina miaka kumi na sita, nasoma darasa la kumi na moja, sipendi kusema mbele ya watu, hata darasani nikiulizwa jibu ninalolijua sauti hunikauka, lakini nyumbani mimi ndiye msomaji, kwa sababu mama yangu Gomti hakusomeshwa na baba yuko mji wa mbali, Surat, kwenye kiwanda cha nguo, kwa hiyo kila karatasi inayoingia mlangoni kwetu hupitia mikononi mwangu. Babu mzaa mama alifariki wiki moja baada ya sikukuu ya Holi, akaacha shamba la bizari nyembamba lenye kisima, na watoto watatu, yaani wajomba zangu wawili na mama. Jumatano iliyopita mjomba mkubwa, Devaram, alikuja na mkewe, wamebeba peremende na karatasi yenye muhuri mwekundu wa duara, wakaketi, wakanywa chai, kisha mjomba akaniita.

"Haya, mwalimu wetu, tusomee! Si unakula vitabu kama mbuzi?"

Mkewe akacheka, "Huyu akiolewa, mahari yake ni miwani."

Nilisoma mstari wa kwanza mpaka wa nne, yalikuwa majina na mipaka ya shamba tu, lakini macho yangu yalikwisha kutangulia, nikaona mstari wa tano unasema kwamba mimi Gomti, kwa hiari yangu, naacha haki yangu yote katika shamba la baba yangu milele, nikasita, na mjomba akasema, "Inatosha, mwanangu, hizo za chini ni lugha ya mahakama tu."

Mama akauliza, "Kaka, kwani inasema nini?"

"Mambo ya ofisi, dada. Jina la marehemu baba litoke kwenye daftari la ardhi, majina yetu yaingie."

"Na langu?"

"Wewe uko moyoni mwetu, daftarini utafanya nini?"

Wote wakacheka, hata mama, na mimi nikanyamaza, Dada, nilijua na nikanyamaza, mama akabonyeza dole gumba kwenye wino, na mjomba akanipa kalamu nitie sahihi kama shahidi, nikatia, tena kwa mwandiko wangu mzuri wa mtihani.

Walipokuwa wanaondoka, mke wa mjomba alisema kwamba dada anayedai shamba ajiandae kujivika shela mwenyewe, na kwetu Pushpa, dada yangu, anaolewa mwezi wa Magh, wakati wa baridi, na wajomba wasipokuja siku ile na nguo na kumvika mama shela mbele ya kijiji, mama atabeba aibu hiyo maisha yake yote. Jumatatu ijayo mjomba anakuja na gari ampeleke mama kwa msajili wa hati, anasema ni kupigwa picha tu, kazi imekwisha. Mama bado hajui. Jirani niliyemdokezea anasema tusithubutu kwenda kwa wakili, atatumaliza. Je, nimepoteza haki ya mama yangu? Nitashitakiwa? Chakula hakinishuki.

Ni mimi, Niliyeishia Mstari wa Nne.

*

Binti yangu,

Kwanza kunywa maji, kisha ule. Haki ya mama yako haijapotea.

Kosa lenu ni lile la nusu ya wilaya hii: mnaona muhuri mwekundu mnadhani serikali imeshasema. Muhuri uliogongwa kabla mtu hajatia dole unashuhudia nini, hebu niambie? Hati ya kuachia shamba haihamishi hata kichaka mpaka isajiliwe. Hiyo "picha tu" ya Jumatatu ndiyo kazi yenyewe! Mjomba wako analijua hilo, ndiyo maana anagharimia gari. Na sahihi yako isikukoseshe chakula. Hakuna atakayekufunga, na kwa msajili watataka shahidi mtu mzima, si mtoto wa shule.

Lakini sikufichi, ulikosea. Aibu ya kusema darasani naielewa, nilikuwa nayo. Mtu asiyejua kusoma akikukabidhi macho yake, huna ruhusa ya kuyafumba kwa sababu mke wa mjomba kacheka. Leo, si kesho, keti na mama mkiwa wawili, umwambie mstari wa tano neno kwa neno, na umwambie kwamba ulinyamaza. Atakasirika. Mwache akasirike.

Kisha mweleze hili: kwa sheria, binti ana fungu sawa na kaka zake, awe ameolewa au hajaolewa. Akitaka kuwaachia, ni hiari yake, wala si kazi yako wala yangu kumzuia. Wako wanawake wanaopenda kaka kuliko kisima, nao si wajinga. Ila shela la harusi ni desturi ya upendo. Kaka anayelipima kwa bigha, kama ekari za shamba, aambiwe hivyo mbele ya wazee wa ukoo.

Kuhusu wakili, jirani yako amekosea. Kusoma karatasi hakuhitaji wakili. Wakili anahitajika mtu anapomshurutisha mama, au jina lake likifutwa daftarini bila yeye kwenda, au barua ya mahakama ikifika mlangoni; hapo msingoje hata siku moja, maana hati ikishasajiliwa, kuipinga ni kesi ya miaka. Na msimwendee mpiga chapa anayewaandikia watu hati nje ya mahakama. Huenda ndiye aliyemwandikia mjomba. Ingieni ndani, muulizie ofisi ya msaada wa kisheria. Mwanamke hupewa wakili bure pale, hata akiwa na mali. Nendeni Ijumaa, mbebe cheti cha kifo cha babu na nakala ya karatasi za shamba, na mumpigie baba simu kabla ya kuondoka.

Akiamua kutokwenda Jumatatu, aseme "Kaka, bado nafikiri," basi. Hakuna sheria inayompakia mtu garini. Na akiamua kwenda, msajili atamuuliza yeye, si wewe wala Devaram: umeielewa hati hii? Kazi yako, msomaji, ni kuhakikisha kwamba jibu atakalotoa, liwe lipi, ni la kweli.