Kibao Kinasema "Wote"

Jumanne, 4 Juni 2019

Bila mimi, nusu ya ndoa za mtaa huu zingeshavunjika na nusu nyingine zisingefungwa kabisa. Miaka thelathini na mbili nanyoa vichwa hapa Rosario, na vichwa vyote vinanimwagia yaliyomo. Gavana mmoja—simtaji—alilia kwenye kiti changu mpaka povu la ndevu likayeyuka. Nikamwambia maneno matatu tu. Kesho yake mgomo wa reli ukaisha! Magazeti hayakuandika. Wivu.

Na sasa nani kafungua mlango ubavuni mwangu, ukuta kwa ukuta? Maricel! Binti wa dada yangu, niliyemnyoa nywele za utotoni kwa mkono huu. Kachukua chumba cha yule fundi cherehani, kapachika kibao: "Mshauri Nasaha. Wote mnakaribishwa." Miaka mitatu ya chuo. Mitatu! Tena kamwaga zege mlangoni, mteremko wa viti vya magurudumu, umekula mahali pa benchi langu. Wateja wangu sasa wanasubiri wima.

"Mjomba, si umefurahi?"

Nikasema nimefurahi. Meno yaliniuma kwa kusema.

Alhamisi, 6 Juni

Nimehesabu. Kwake wanane. Kwangu wanne, na mmoja aliingia kuuliza saa.

Bibi Rufina naye kaenda! Yule mama wa Kiqom, kabila la wenyeji wa asili wa kaskazini, Kihispania chake ni cha kuombea chumvi tu. Kaja na mkwe wake Delia, anayemtafsiria kila mahali miaka ishirini. Maricel kamwambia Delia asubiri nje. Kamleta mkalimani, mama mwingine wa Kiqom, wa mtaa wa mbali, asiyewajua. Delia kahamia kwangu, kavimba.

"Mimi ndiye mdomo wake, bwana Nica! Ana lipi nisiloweza kulisema mimi?"

Nikamwambia, pengine anakusema wewe. Hakucheka.

Bibi katoka baada ya saa nzima, anacheka peke yake barabarani. Mimi sijawahi kumchekesha yule bibi. Nimejaribu kwa mikono, kwa miguu, hata kwa kuigiza kuku.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui hata niandikeje. Anselmo.

Anselmo wangu! Mwelekeza treni mstaafu, rafiki yangu tangu siku nilipofungua duka hili la kunyoa. Wiki tano hajatia mguu, nikidhani kifua kimembana. Leo saa nne asubuhi namwona anatoka—kwa Maricel. Na amenyolewa! Nani kamnyoa? Sikio la kushoto limeachwa na nywele kama ufagio. Nilisimama na wembe mkononi, povu linamkaukia mteja, najisikia kama mume aliyekuta kofia ya mwanamume mwingine kitandani.

Nikamwita. Kaingia, ana adabu zake. Nikamtilia yerba, chai yetu chungu ya kupokezana, kibuyu kilekile, mrija uleule. Kavuta, kamaliza, kanirudishia.

"Asante, Nica."

Asante! Kibuyu cha kwanza! Mtu anayetaka kuendelea hasemi asante, anarudisha kibuyu kimya na anatiliwa tena. Asante maana yake basi, nimetosheka nanyi. Miaka thelathini na mbili Anselmo hajawahi kunitamkia neno hilo kabla birika halijaisha.

"Una haraka?"

"Sina," akasema. Kaenda.

Jumanne, 11 Juni

Nimemvamia Maricel kabla hajafungua.

"Anselmo anakuambia nini?"

"Sijui unamzungumzia nani, Mjomba."

"Nimemwona kwa macho yangu haya!"

"Umeuona mlango tu."

Ulimi huo kautoa kwa mama yake. Nikamwambia hata mimi ni mtu wa siri, sitaji majina, muulize gavana! Akaweka funguo chini.

"Simsemi mtu yeyote aliyeingia kwangu. Nasema hadithi niliyoisikia kwako, Jumamosi ile ya mwezi wa nne, nimekaa pale karibu na kioo. Hukutaja jina, kweli. Ulisema, kuna mzee mmoja wa reli, kafiwa na mkewe, anakaa nyuma ya kiwanda cha barafu. Wako wangapi, Mjomba?"

Basi. Niandike yote, hapa hakuna wa kunisuta. Anselmo aliniambia, taulo liko usoni, kwamba tangu mkewe Nélida afe, kila jioni anaziweka ndara za marehemu kando ya kitanda, upande aliokuwa akilala. Basi, ndara tu. Mimi nikaisimulia mbele ya watu sita. Hadithi ya ndara ilikuwa fupi, hata haichekeshi, nikaongeza gauni: kwamba anazima taa, analitoa gauni la marehemu kabatini, anacheza nalo waltz jikoni. Watu walilia kwa kicheko. Nilijua kusimulia siku ile!

Kumbe klabuni, Anselmo anapocheza mchezo wake wa kutupa tufe, vijana walianza kumpigia mluzi wa waltz; mteja mmoja ndiye kaniambia leo.

Sikujua. Wallahi—kwa Bikira—sikujua.

Ijumaa, 14 Juni

Anselmo amerudi kwa Maricel. Saa nne kamili. Nimeweka glasi ukutani, nikaweka sikio. Yule binti ana akili za shetani: kaweka redio kwenye korido. Nimesikiliza mpira wa daraja la pili saa nzima. Walitoka sare.

Nilitaka kusikia jina langu tu. Hata akinitukana.

Jumanne, 18 Juni

Nimekwenda mwenyewe. Nimechana nywele, nimepaka manukato. Nikamwambia Maricel nataka saa moja kwenye kiti chake, kukagua kazi yake tu, kama mtu wa fani.

"Siwezi kukupokea, Mjomba."

"Saa yoyote."

"Si suala la saa. Wewe ni mjomba wangu. Kazi yetu hairuhusu."

Hapo nikawaka. Anampokea Bibi Rufina! Anampokea mhubiri, na yule Yamila aliyekuwa Osvaldo, na kijana wa kiti cha magurudumu anayenikanyagia mlango! Kibao kinasema wote! Wote ni nani, kama damu yako haimo?

Akaniacha nimalize. Kisha taratibu:

"Nikikaa nawe mle ndani, utakuwa umempoteza mpwa na mshauri hujampata. Mimi najua mengi mno, na yale nisiyoyajua utanipambia." Akaniandikia jina la mshauri mwingine kwenye karatasi. Ibarlucea, mtaa wa Mitre. "Hajui hata mjomba wangu ni nani."

Hajui mimi ni nani! Rosario hii!

Ijumaa, 21 Juni

Naandika magotini. Niko kwa huyo Ibarlucea, chumba cha kusubiri, viti vitatu na mmea uliokosa maji. Nimemwambia karani nimekuja kukagua. Akasema sawa, akanipa fomu.

Umeoa? Nimeoa. Mkeo yuko wapi? Nimeandika Teresita yuko Córdoba, anamtunza dada yake. Miaka kumi na moja anamtunza. Yule dada ni mzima kama mti, wakati mwingine ndiye anayepokea simu.

Fomu inasema yote yatakayosemwa hapa yatabaki hapa. Halafu: Umeletwa na nini? Mistari minne mitupu. Nimeandika gavana, nikafuta. Nimeandika Anselmo, kisha nikakumbuka kutotaja majina, nikafuta. Karatasi imetoboka.

Jana, sikukuu ya bendera, nilimwona Anselmo kwenye gwaride, ng'ambo ya barabara. Akanipungia mkono kama mtu anavyompungia mwenye duka. Nyumbani nikachemsha birika zima, nikajitilia, nikajirudishia, nikajitilia.

Mlango umefunguka. Jamaa mfupi, sweta limetoboka kiwiko, amenyolewa vibaya sana.

"Bwana Nicanor?"

Nimemwonyesha kidole, dakika moja. Namalizia.

Kile nilichoandika tarehe kumi na moja, kwamba gauni niliongeza. Sikulitunga. Anselmo ana ndara tu. Gauni ni la bluu, lina vifungo vyeupe, Teresita alilisahau alipoondoka, na liko kabatini kwangu. Na ninayocheza nalo jikoni si waltz. Ni chamamé, dansi ya akordioni ya huku kwetu, maana waltz siijui.